Uliza Ujibiwe: Kifaransa cha Kuanzia

Nauza dagaa na sangara wakavu pale Mwaloni. Wateja wangu wa Bukavu na Goma tunaelewana kwa Kiswahili, ila wakimpigia bosi wao simu namba zinageuka Kifaransa. Programu ninayojifunzia haina "septante" wala "nonante". Ni ngapi hizo? (Mama Dagaa, Kirumba)

Mama, septante ni 70 na nonante ni 90. Programu nyingi hufuata Kifaransa cha Ufaransa, ambako 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, ishirini mara nne na kumi juu. Kongo, Rwanda na Burundi zilitawaliwa na Ubelgiji, zikarithi hesabu ya Kibelgiji, ambayo kwa kweli ni nyepesi zaidi. 80 haina ugomvi: ni quatre-vingts kote huko.

Kwa hiyo 75 kwa Mkongo ni septante-cinq, kwa Mfaransa ni soixante-quinze. Wa kumwangalia ni huyo wa pili. Ukisikia soixante usikimbilie kuandika 60, subiri linalofuata. Likiwa dix, et onze, douze, na kuendelea mpaka dix-neuf, uko kwenye sabini.

Ukitaja mzigo, baada ya kipimo weka de peke yake: dix sacs de poisson, cinquante kilos de poisson. Kwenye kukanusha ni hivyo hivyo. Mtu akiuliza "Vous avez du poisson ?", jibu ni "Non, je n'ai pas de poisson". Wanaoanza husema "pas du poisson", na hapo ndipo wanapojulikana. Bei: "C'est combien, le kilo ?"

Mgeni aliomba gari la "deux heures", mimi nikasikia "douze heures". Nifanyeje yasijirudie? (Mhudumu wa hoteli, Capri Point)

Herufi h ya heures haitamkwi, kwa hiyo x ya deux inageuka z na maneno yote mawili yanakuwa na z katikati. Kinachobaki kuyatenganisha ni irabu moja. Ya douze ni u ya "dudu". Ya deux Kiswahili hakina: tamka e, ulimi usisogee, halafu viringa midomo.

Bado kuna saa yenyewe. Wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo deux heures ya mchana ni saa nane yetu, na douze heures ni saa sita. Usibahatishe, rudia kwa maneno yasiyofanana: "Quatorze heures ?" kwa saa nane mchana, "Midi ?" kwa saa sita.

Kitabu changu cha Kifaransa kimeandikwa kwa ajili ya wanaojua Kiingereza. Naandika "je suis faim" na mwalimu anakata. Jinsia za nomino nazo zinanishinda. (Mwanafunzi, Malimbe)

Unapitia Kiingereza bila sababu. Kiswahili kinasema nina njaa, nina kiu, nina miaka ishirini; Kifaransa nacho kinatumia "kuwa na": j'ai faim, j'ai soif, j'ai vingt ans. Kadhalika "namwona": kile -mw- kinatangulia mzizi wa kitenzi, kama le inavyotangulia katika je le vois. Anayefikiri kwa Kiingereza ataandika "je vois le" mwaka mzima.

Jinsia zichukulie kama ngeli, mbili tu. Ila usitegemee maana: kwetu kiumbe huenda A-WA, kwao une personne ni ya kike hata ukimsema babu yako. Kariri nomino pamoja na un au une, maana l' inaficha jinsia: huile ni ya kike, argent ni ya kiume. Miishio inasaidia: -tion karibu zote ni za kike, -ment za kiume. Za -age nyingi ni za kiume, lakini page, plage, image na cage zimeasi.

Kisha kivumishi kifuate. Poisson fumé na viande fumée hutamkwa sawa, tofauti iko kwenye maandishi tu. Lakini poisson sec ni "sek" na viande sèche ni "sesh", na hapo ukikosea mnunuzi anasikia.