Kiduha kwenye mahindi: mbegu sugu ipo?
Mama wa Kamanyola, umeuliza kama palizi inatosha na kama ni kweli watafiti wana mahindi sugu kwa kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi.

Palizi haitoshi. Ukiliona lile ua la zambarau, hasara imeshafanyika chini: kiduha hunyonya mzizi wiki kadhaa kabla ya kuchomoza. Mmea mmoja humwaga makumi ya maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, na huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 mpaka kemikali ya mzizi wa mhindi iziamshe.

Mahindi sugu yapo. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki yenye makao Ibadan, Nigeria, na vituo vya taifa vya Afrika Magharibi wamezalisha aina kadhaa, nyingine zikirithi ukinzani wa Zea diploperennis, jamaa wa porini kutoka Meksiko. Ila sugu si kinga kamili. Kiduha kidogo bado kitaota, ila mavuno hayataanguka sana. CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na wenzake huko Kenya walitumia mahindi yanayostahimili imazapiri, dawa ya kuua magugu. Mbegu hupakwa dawa, kiduha kikijishika mzizini kinakufa. Hiyo usiitie shimo moja na maharage, yataungua, na unawe mikono kabla ya kushika mbegu nyingine.

Mbegu ya kupimiwa kopo bila lebo sokoni Kadutu, Bukavu, mimi singenunua. Waulize INERA (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo) kituo cha Mulungu, au IITA kituo cha Kalambo. Kwa sasa ng'oa kiduha kabla hakijazaa, ukichome, na msimu ujao panda soya: huamsha mbegu za kiduha, zinakosa cha kunyonya, zinakufa.