Barua ya halmashauri kuhusu ruzuku ya korona

Pole dada. Umeuliza kama urudishe zile pauni 10,000 ulizopewa na halmashauri hapo Uingereza mwaka 2020 kwa ajili ya saluni yako, maana sasa wanakudai uthibitisho. Usirudishe hata senti kabla hujakagua tarehe moja: 11 Machi 2020. Ruzuku ile ilikuwa ya yule aliyeandikishwa siku hiyo kulipa kodi ya halmashauri ya jengo la biashara (business rates, si pango), hata kama nafuu ya wafanyabiashara wadogo ilimwondolea malipo yote. Kwa hiyo tafuta mkataba wa pango na bili ya kodi hiyo ya wakati ule. Mimi zangu nilizikuta chini ya droo ya vitana, zina madoa ya mafuta ya nywele, na zilitosha. Wapelekee nakala, karatasi zenyewe baki nazo.

Ukikuta bili ilikuwa kwa jina la mwenye nyumba, waeleze ukweli mapema na uombe kulipa kidogo kidogo.

Jingine, nakusihi: ruzuku ile inahesabika kuwa mapato ya biashara. Kama hukuiweka kwenye hesabu za kodi ya mapato, muone mhasibu wiki hii hii.