Mfalme shujaa akifa, hadithi isife naye

Ndugu yetu wa Kamalondo, umeuliza kwa nini mfalme shujaa uliyemtunga anachosha baada ya pigano la tatu, na hadithi inakwisha siku anapozikwa. Kwanza, hakuna anayelisha jeshi lake. Piga hesabu: askari 500, nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, safari ya siku 10, ni kilo 2,500. Mbebaji akichukua kilo 25, wanahitajika wabebaji 100, na wao pia watataka bukari, yaani ugali. Unga ukipungua, atachagua: anyang'anye vijiji au arudi nyuma. Hapo tabia yake itaonekana.

Kuhusu urithi, usikimbilie sanamu. Angalia Waluba wa Katanga: mfalme akifa, makao yake yaligeuka kitenta, yaani makao ya roho yake, na mwanamke aitwaye mwadi akabeba roho yake. Historia ya ufalme ilisomwa kwa vidole kwenye lukasa, ubao wenye shanga. Basi katika ufalme wako, ushanga mmoja ung'oke mahali panapomtaja mrithi. Wana wawili, wasomaji wawili wa ubao, na kila msomaji ana lake.

Ila usimfufue mfalme, tafadhali. Ukimfufua, hakuna kifo kingine kitakachomtisha msomaji wa hadithi yako.