Wanaweza kukufukuza, lakini lazima wakusikilize kwanza

Wiki iliyopita hela yangu imeingia, ile niliyolipwa kwa kufukuzwa bila kusikilizwa na kampuni ya malori niliyokuwa stoo hapa Malaba, Uganda, na tangu niweke kwenye status simu haitulii, kila mtu anauliza nilifanyaje, basi naandika mara moja wote msome.

Nilifika asubuhi kama kawaida, askari wa getini, mtu ambaye tunakunywa naye chai, akaniambia kaka leo huingii, jina lako limetolewa. Hakuna barua. Baadaye meneja akatuma meseji kwamba matairi yamepotea na mimi ndiye nina funguo, wakati funguo tulikuwa nazo watu watatu! Nimepokea mizigo yao usiku na mvua, halafu nasimamishwa getini kama mwizi mbele ya madereva wanaowajua mpaka watoto wangu. Hilo bado linaniuma, hata hela imeshaingia.

Watu wakasema achana nao, wale wana maloya. Nikakataa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 iko wazi, kabla mwajiri hajakufukuza kwa kosa au kwa kazi mbovu lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, akupe muda wa kujiandaa, akusikilize, na una haki ya kuja na mtu mmoja uliyemchagua mwenyewe. Asipokusikiliza anakulipa mshahara wa wiki 4, hata kama kosa ulilifanya kweli. Soma tena hapo. Hata kama ulilifanya. Sasa sisi ambao hatukufanya je?

Nikaenda kwa leba ofisa wa wilaya, yule wa serikali anayesikiliza malalamiko ya kazi. Bosi akaitwa, mara ya kwanza hakutokea, mara ya pili akaja na loya wake. Ofisa akauliza swali moja tu, huyu mlimsikiliza lini? Kimya. Loya mwenyewe ndiye aliyemvuta bosi pembeni. Wakakubali kulipa zile wiki 4, siku zangu za likizo, na mshahara wa miezi 2 badala ya notisi kwa sababu nilikuwa nimepita miaka 5 kazini. Mwaka 1 mpaka 5 notisi ni mwezi 1, ukifika 10 ni miezi 3.

Jamani msikae nyumbani mkilia! Malalamiko ya kufukuzwa yanapelekwa ndani ya miezi 3, na mtu anapoteza hiyo miezi akimbembeleza bosi kwenye WhatsApp. Leba ofisa akishindwa kumaliza ndani ya siku 90 unaweza kwenda Mahakama ya Viwanda, ile ya kesi za kazi. Na usiniambie huna kontrakti, hata makubaliano ya mdomo sheria inayatambua. Tunza meseji za mobail mani za mshahara, tunza kitambulisho cha kazi, angalia NSSF yako, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kama wanaweka, wewe unakatwa asilimia 5 na bosi anaongeza 10, na tangu mabadiliko ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. Karatasi zangu zote zilikuwa kwenye bahasha moja, ndizo zilizoongea pale ofisini, mimi nilisema maneno machache sana.

Na nyinyi waajiri, najua mnasoma. Wizi upo, sikatai, na mtu akithibitika ameiba sheria inawaruhusu kumtoa bila notisi. Lakini ukimshuku mtu msimamishe kwa nusu mshahara, isizidi wiki 4, chunguza, kisha mwite kikaoni, aje na mtu wake, andikeni anachosema na kila mmoja atie sahihi. Ni kazi ya asubuhi moja. Bosi wangu angefanya hivyo angejua pia matairi yake yalikwenda wapi, maana mpaka leo hajamuuliza mtu mwingine yeyote.