Taji la kwanza la Mirra Andreeva si Dubai

Je, Mirra Andreeva, mcheza tenisi wa Urusi, alipata taji lake la kwanza Dubai? Hapana, Dubai ya Februari 2025 haikuwa taji lake la kwanza. La kwanza la WTA, yaani mashindano makuu ya tenisi ya wanawake, alilitwaa Iași, Romania, Julai 2024, akiwa na miaka 17. Fainali alicheza na Elina Avanesyan, ambaye alishindwa kuendelea katika seti ya tatu. Ilikuwa michuano ya ngazi ya 250, ya chini katika WTA, ndiyo maana wengi iliwapita. Dubai ni ya ngazi ya juu ya 1000, na pale aliweka rekodi ya kuwa bingwa mdogo zaidi tangu ngazi hiyo ianzishwe 2009, kisha mwezi uliofuata akamfunga Aryna Sabalenka wa Belarus fainali ya Indian Wells, Marekani.

Ukihesabu na mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la kimataifa, basi ana mataji ya kabla ya hapo, yakiwemo ya Aprili 2023, Chiasso na Bellinzona kule Uswisi.

Mimi nimemfuatilia tangu Madrid mwaka huohuo, binti wa Krasnoyarsk aliyeingia kwa nafasi ya upendeleo akiwa na miaka 15 na kufika raundi ya nne. Lakini mechi iliyonifanya niamini ni ya Australian Open kule Melbourne, Januari 2024: alimpiga Ons Jabeur wa Tunisia 6-0, 6-2, na Jabeur ndiye mchezaji ambaye Mirra alikuwa akivutiwa naye sana!

Medali ya fedha ya Olimpiki Paris 2024 aliyoipata na Mrusi mwenzake Diana Shnaider ni ya wawili wawili, tena walicheza kama wanamichezo huru bila bendera ya Urusi, kwa hiyo msiichanganye na mataji haya.