Usisaini oda hiyo kabla hujaandika tarehe mbili

Mkuu, usisaini kwanza. Umeuliza uanze na kanuni zipi za kusimamia fedha za biashara, ununue programu gani ya hesabu, na kama utumie akiba ya pango kununulia mzigo wa mteja mkubwa atakayelipa baada ya siku 60. Nimefika kwenye hizo siku 60 moyo ukanidunda.

Mimi oda kama hiyo niliipokea kwa mikono miwili. Mzigo nilichukua kwa mali kauli, deni nalipa baada ya siku 15. Cha 100 nauza 130. Kila baada ya siku 30 mteja akawa anataka mzigo mara mbili ya uliopita, nami nafurahi tu. Fuatilia hesabu: mzigo wa kwanza ulinigharimu 100, wa pili 200, wa tatu 400. Kufikia siku ya 75 nilikuwa nimeshalipa 700, na kilichoingia ni 130 za oda ya kwanza basi. Daftari linasema nimeuza 910, faida 210. Mkononi napungukiwa 570, na hapo sijagusa mishahara wala usafiri. Kadiri nilivyouza ndivyo nilivyokaukiwa! Nikakopa kwa riba kuziba pengo, riba ikaila ile faida yote, aliyekuwa akinipa mzigo akasitisha, nikauza vifaa vya kazi kwa bei ya kutupa. Mteja wala hakunidhulumu. Alilipa mpaka senti ya mwisho, ila biashara ilikuwa imeshafungwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni yule mkufunzi wa ujasiriamali niliyemlipa anifundishe. Siku nzima anatuimbia "ongeza mauzo, mengine yatajipa". Hakututamkia hata mara moja kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili tofauti. Mtu anachukua ada ya watu wenye mitaji midogo halafu anawaficha jambo hilo! Sijamsamehe.

Kwa hiyo kabla ya kukubali oda yoyote, chukua karatasi uandike tarehe mbili: siku fedha inatoka na siku inaingia. Kama ya kutoka inatangulia, piga hesabu ya kila kitakachotoka katikati, pamoja na oda zitakazofuata. Huna cha kuziba pengo hilo? Omba malipo ya awali yanayotosha kununua mzigo, au omba anayekuuzia akuongezee muda ufike hizo siku 60. Wote wakikataa, punguza oda au iache. Na mteja mmoja asiachiwe kushika mtaji wako wote, hata awe mwaminifu namna gani.

Pango usiliguse. Mpigie mteja leo, muulize kuhusu malipo ya awali, halafu rudi hapa utuambie amesemaje.