Mtufaha kulazwa kwenye waya ukutani: jibu kwa mwenzetu wa Njombe

Mkuu, umeuliza kama mtufaha unaweza kulazwa kwenye waya kando ya uzio wa tofali, yaani matawi yake yafungwe yakiwa yamelala, na kama utazaa. Utazaa, tena kwetu nyanda za juu faida kubwa ya kulaza si kuokoa nafasi. Baridi yetu haitoshi kuupumzisha mti kama Ulaya, hivyo ukiachiwa unakimbilia juu na kutoa majani tu. Tawi likilala, nguvu ya ncha inapungua, macho ya ubavuni (vichomozo vya machipukizi) yanaamka, na mengi yanageuka maua.

Mimi huku Lushoto nina Anna na Dorsett Golden, aina mbili za tufaha zisizodai baridi nyingi. Panda zote mbili, maana Anna hubeba vizuri ikipata chavua ya mwenzake.

Mche uwe sentimita 30 kutoka ukutani. Waya wa kwanza uwe sentimita 45 toka ardhini, na mwingine kila baada ya 45. Usigusane na ukuta, hewa ipite nyuma ya majani.

Kata mche juu kidogo ya waya wa kwanza. Kati ya machipukizi yatakayotoka, bakiza matatu: moja lipande juu, mawili yaende kushoto na kulia. Sasa hapa tulia, ndipo wengi wanapoharakisha. Chipukizi likilazwa kabisa likiwa changa hudumaa. Lifunge kwenye ufito ulioinama nyuzi 45, likirefuka ulishushe kidogo kidogo hadi waya kabla halijakomaa likawa gumu. Upande mmoja ukiwa mnyonge, uinue, na ule wenye nguvu ulaze zaidi, pande zitalingana. Funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kamwe si waya mtupu, unakata gome.

Machipukizi yanayosimama juu ya tawi lililolala yakate, yabaki na majani matatu. Hapo ndipo vikonyo vya matunda hujengeka.

Wiki chache baada ya kuvuna, pukutisha majani yote kwa mkono. Wakulima wa Batu, Indonesia, hufanya hivyo kuuamsha mti bila baridi, na kwangu maua hufuata.

Mpichi usiulaze hivi: huzaa kwenye vijiti vya msimu uliopita, kwa hiyo utandaze kama upepeo, ukibadilisha vijiti kila mwaka. Mwembe nao usihangaike nao, maua yake hutoka nchani, ukipogoa ncha umepogoa embe. Ukitaka mti wa pili wa kulaza, chukua mpera.